Njia Isiyo na Watu

Idara yetu inashughulikia waenda kwa miguu, na ndani yake hakuna hata mmoja anayekwenda kwa miguu. Mkuu anakuja na gari, naibu wake anakuja na gari, mimi nakuja na gari, na kila asubuhi tunagombania kivuli cha kuegesha kama watoto wanaogombania bembea. Kazi yangu ni kuchora: njia za pembeni, vivuko, viti vya umma, mahali pa watu kupumzika. Nikimaliza mchoro nabandika juu yake watu wa kompyuta, wembamba, wenye afya, wanaotabasamu bila sababu. Watu wale hawajawahi kulalamika.

Mkuu wetu tunamwita Bwana Mzunguko, nyuma ya mgongo wake lakini si mbali sana. Katika utumishi wake wote hajakutana na tatizo lisilotibika kwa mzunguko wa barabara. Magari yakisongamana, mzunguko. Maji yakituama, mzunguko. Shule moja iliomba tuwawekee watoto kivuko, akawajengea mzunguko, na watoto wakawa wanauzunguka wee wasijue watokee wapi. Ni mtu mwema, ana mke mpole na kitambi cha heshima, ila jicho lake limekaa kwenye usukani.

Mwaka huu jiji lilifunga maegesho makubwa ya magari yaliyokuwa katikati ya mtaa mmoja, likang'oa lami, likapanda nyasi, likatangaza kwamba hapo patakuwa uwanja wa watu. Upande mmoja wa uwanja kuna kituo cha basi. Upande unaokitazama, zahanati. Watu wanashuka kituoni, wanaukata uwanja, wanaenda zahanati, na wakijaliwa wanarudi. Pande mbili zilizobaki, kulia na kushoto, kuna maduka yanayotazamana. Tulitakiwa kuweka njia ya vigae kutoka kituoni hadi zahanati, moja tu, kwa sababu vigae vilivyokuwa stoo vilitosha njia moja. Nikapewa mimi.

Kazi ya mchana mmoja, ungesema. Shida ni kwamba duka la katikati upande wa kulia ni la mama yangu, fundi cherehani, na duka la katikati upande wa kushoto ni la baba yangu, kinyozi.

Hawa wawili waliachana zamani. Baba alibeba mashine zake za kunyolea, akavuka maegesho, akapanga chumba upande wa pili, akaona amekwenda mbali. Tangu hapo hawasemeshani. Najua vizuri kwa sababu posta yao nilikuwa mimi. "Mwambie baba yako lile kabati ni langu." "Mwambie mama yako kabati lilinunuliwa kwa jasho hili." Nilianza kazi hiyo nikiwa na sare ya shule, nikaendelea nayo nikiwa na shahada, na sasa nimefika umri wa kuwa na mvi kadhaa ninazozing'oa kwa siri. Nikipokea ujumbe kwa mama nazunguka mtaa na gari, nafika kwa baba, napiga honi, anatoka na povu mikononi, naushusha ujumbe dirishani, napokea jibu, narudi. Injini hata sizimi.

Biashara zao zote mbili zilianza kuchechemea maegesho yalipofungwa, maana wateja wa zamani walizoea kuacha gari mlangoni. Kwa hiyo njia ikipita mbele ya mlango wa mmoja, mguu wa mteja utafika hapo, na mwingine atabaki akitazama nyasi mpaka afunge duka. Mstari mmoja wa mkono wangu ungemlisha mzazi mmoja na kumnyima mwingine. Na kama kuna kitu nilichokikwepa tangu waachane, ni kuulizwa niko upande gani.

Nikafanya kama afanyavyo mwoga yeyote mwenye elimu: nikachora mstari ulionyooka katikati kabisa, mbali na kila mtu, nikaenda kuwaonyesha.

"Umetupita," mama alisema, pini mdomoni. "Mimi nimekuzaa, halafu unanipita kama mgeni."

"Mbona imetupita?" baba naye akasema, akiwa ameinama dirishani kwa gari langu. "Au mama yako ndiye kakwambia?"

"Mama naye imempita, baba."

"Basi mwambie safari hii tumekubaliana."

Ndipo nikakumbuka mbinu moja ya wenzetu wa fani hii, na nikaishika kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Badala ya kuchora njia mapema, unaacha uwanja wazi. Watu wapite wanavyotaka. Baada ya muda nyasi zinakufa pale wanapopita sana, unapiga picha kutoka juu, unaweka vigae juu ya nyasi zilizokufa. Hakuna wa kulaumiwa. Miguu ya umma imechagua, mimi nimeandika tu. Mkuu alikubali haraka, kwa sababu mbinu hiyo ilimtaka akae kwa miezi bila kufanya lolote, na hilo analiweza.

Kosa langu ni kwamba niliwaeleza wazazi. Niliwaeleza kwa majivuno, kila mmoja kwake, nikasema sasa hata mnilie machozi, si mimi, ni nyasi. Walinisikiliza kwa utulivu ambao ningepaswa kuuogopa. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Mama alianza na wateja. Mteja akija kupima gauni, mama anarudi nyuma hatua mbili, anakunja uso, anasema hapa ndani huwezi kujua linavyoanguka, hebu litembeze mpaka kituoni urudi nalo. Wanawake wa watu wakawa wanavuka uwanja na magauni yenye chaki na pini, mikono imenyanyuliwa ili wasichomwe. Walioona haya aliwaambia kifupi: gauni lisilotembea ni pazia. Hakutosheka. Akakiita kikundi chake cha kuimba, akina mama wenye miili yao, kifanyie mazoezi pale nje kwa kupiga kwata kutoka zahanati hadi kituoni, kikipinda mbele ya duka lake kwa heshima kama kinapita jukwaani.

Baba, kwa upande wake, ana silaha moja ambayo mafundi wengine hawana: mteja wake akishaanza kunyolewa hawezi kukimbia. Akimaliza nusu ya kichwa anazima mashine, anasema imepata moto, inahitaji kupoa, na wewe mwenyewe toka kidogo upate upepo, tembea tembea mpaka kituoni. Uwanja ukajaa wanaume wenye nywele upande mmoja, wakitembea kwa mwendo wa watu wasiotaka kufahamiana. Wacheza drafti wake aliwahamishia benchi mbali na mlango, ili kila anayefungwa alazimike kurudi mlangoni kumpa nafasi anayesubiri zamu.

Mimi nilikuwa napita na gari, naona yote, nafunga kioo.

Picha ilipigwa na droni, tukakutana kuitazama ukutani. Ilikuwa na mistari miwili minene, mmoja umepinda kulia na kubusu mlango wa mama, mwingine umepinda kushoto na kubusu mlango wa baba, na katikati nyasi nzuri tu za kijani.

"Watu hawa wanapenda kona," alisema Mkuu, na nilisikia furaha imeanza kumpanda. Kisha akasogea karibu. "Hawa kwenye mstari ni akina nani? Mbona wana sare?"

Nikasema nadhani ni waimbaji.

"Na huyu bwana anayeitazama droni, kichwani ana nini?"

"Anasubiri kumaliziwa, Mkuu."

Alinitazama kwa muda. Bwana Mzunguko ni mvivu, si mjinga. Aliwahi kunyolewa kwa baba, na suruali yake ya kaki ilipunguzwa kwa mama, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Akasema mistari yote miwili ni ya kupikwa na hawezi kuweka vigae vya umma juu ya ugomvi wa nyumba ya mtu. Naibu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa siwasikii vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu kingine.

Kulikuwa na mstari wa tatu. Ulikuwa mwembamba, wa mguu mmoja mbele ya mwingine, na haukwenda kituoni wala zahanati. Uliukata uwanja kwa upana, umenyooka, kutoka mlango wa mama hadi mlango wa baba. Ile minene ilikuwa imefifia tu, nyasi zimelala zikisubiri kuinuka. Huu ulikuwa umefika kwenye udongo. Kwenye ile ya pembeni nyasi zilikanyagwa kwa fujo. Hapa zilikuwa zimeuawa kwa mazoea.

"Huo futa," alisema Mkuu, akifuata jicho langu. "Hauna watu. Jumatatu niletee mstari mmoja, wa kweli. Usipoleta, naweka mzunguko."

"Wa waenda kwa miguu?"

"Kwani wao hawawezi kuzunguka?"

Sikurudi mezani kwangu. Nilichukua gari, nikaenda uwanjani mchana ule ule, nikaliacha kituoni. Duka la mama lilikuwa wazi na halina mtu. Kitambaa kilikuwa kimebanwa chini ya sindano, kiti kimesukumwa nyuma. Mama yangu hawezi kuacha duka wazi hata aende msalani. Hufunga, hujaribu kufuli, hurudi kulijaribu tena. Nikatazama chini. Mstari ulianzia pale pale kizingitini, nikaufuata.

Nilisikia kicheko kabla sijafika. Kilikuwa cha mama, kile cha puani, ambacho sikuwa nimekisikia tangu tulipokuwa tunaishi nyumba moja, na kilinisimamisha nje ya pazia la baba kama mtu aliyekosea mlango. Kisha nikaingia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha kunyolea, kimepandishwa juu, miguu ameitandaza kwenye chuma cha kuwekea miguu kama mwenye nyumba, anapindia shuka la kinyozi lililochanika. Baba alikuwa dirishani na mkasi mkubwa wa mama, anaunoa taratibu na kuujaribu kwenye kipande cha kitambaa. Waliponiona wakanyamaza. Mama akawa wa kwanza kupata sauti, na mdomo wake ukasema kile ulichozoea kusema mbele yangu.

"Mwambie baba yako huu mkasi bado hauna makali."

Baba alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika bega. Akafungua mdomo, naona na yeye alitaka kunituma, kisha akaufunga.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Mkasi ukiisha makali umeisha, mama," alisema baba. Ananiita mama anapotaka nipoe. "Ningemwachia nani? Akampelekee yule anayenoa majembe?"

"Na haya mashuka nani angeyashona?" mama akasema. "Yule fundi wa pembeni anashona kama anafunga gunia."

"Nimeuliza tangu lini."

Wakatazamana. "Tangu alipohama," mama alisema. "Alisahau jiwe la kunolea, nikamletea."

"Na maegesho yalipokuwepo?"

"Tulipita katikati ya magari," alisema baba. "Lami ilitunza siri. Hizi nyasi zako ndizo zimetusema."

Nilichemka. Niliwaambia kwamba nimekuwa mbwa wao wa kuokota fimbo maisha yangu yote. Nimezunguka mtaa huu kwa mguu, kwa baiskeli na kwa gari. Nimeacha sherehe za watu nije kusema habari za kabati. Wiki iliyopita tu nimetoka kwenye mkutano kwa sababu mama alipiga simu kwamba baba asipolirudisha kabati ataenda kushtaki. "Nataka nilione hilo kabati," nikasema. "Leo. Liko wapi?"

Baba aliugeuza mkasi, akauangalia upande wa pili.

"Tuliliuza," alisema mama. "Zamani sana. Tukagawana."

Nilikaa kwenye benchi la wateja. Baba akanipa maji, nikayanywa nikiwa nimekasirika, jambo ambalo si rahisi. Kisha nikawaambia habari ya picha, kwamba ile mistari yao ya kwata na vipara nusu imekataliwa, kwamba Mkuu anataka mstari mmoja wa kweli, na kwamba wa kweli ni huu wao. Nitauchora. Mstari wa kituoni utapita katikati, wao utaukata kwa upana, kila mwenye kushona au kunyoa atageukia anakotaka. Milango yote miwili itapata mguu. Hakuna atakayefunga duka, na mimi sitakuwa nimechagua mtu. Nilidhani watafurahi.

"Huo wetu usiuchore," alisema mama.

"Kwa nini?"

"Ukiuchora utaonekana."

"Na uonekane. Majirani wakijua mnaongea watawafanya nini?"

"Majirani wanajua," alisema baba.

Mama alikuwa ameacha kushona. Sindano aliishika hewani, na hakunitazama mimi, aliitazama sindano.

"Ni wewe," alisema. "Ukishajua tunaongea, utakuja kufanya nini?"

Baba akaweka mkasi chini na kuanza kunieleza kwa upole, kama anavyomweleza mteja kwamba nywele zimeanza kupungua utosini. Mwaka ule niliopanda cheo nilikuwa sionekani. Wakagombana, kweli kweli, juu ya jambo la maana, nami nikaja mbio Jumapili ile na Jumapili iliyofuata. Wakapatana, nikapotea. Wakajaribu kuniita hivi hivi, nikasema nina kazi. Basi mama akasema, hebu tumpe tena lile kabati la zamani.

"Tulikuwa tunalipanga hapa hapa," alisema baba. "Yeye kwenye hicho kiti. Kuna mwezi tulikosa la kugombania, tukatumia sufuria."

"Sufuria ilikuwa wazo lake," alisema mama. "Mimi sikuipenda."

Nikaikumbuka sufuria. Niliibeba ile kesi kwa majuma, nikapaza sauti dirishani, nikamwambia baba aone haya. Nilitaka kuendelea kukasirika, na hasira nilikuwa nayo ya kutosha, nimetoka nayo ofisini. Lakini ilinitoka yote, nikabaki na aibu tupu, ile aibu ya mtu mzima mbele ya wazazi wake, ambayo hujui uiweke wapi. Waliketi pale, wazee wawili wenye akili timamu, wakitunga uongo kila wiki ili binti yao apige honi nje.

"Na hili la nyasi?" niliuliza mwishowe. "Lile kwata, wale watu wenye nusu vichwa?"

"Aa, hilo lilikuwa la kweli," alisema baba. "Biashara ni biashara."

Mama akacheka kile cha puani. Akashuka kitini, akanivuta mkono, akanikalisha pale alipokuwa amekaa yeye, akaanza kuzipekua nywele zangu akitafuta mvi nilizosahau. Baba akaendelea na mkasi. Nilikaa mpaka akafunga duka.

Jumatatu nilimpelekea Mkuu mchoro. Aliutazama akitikisa kichwa, akauliza njia mbili zimepatikana wapi wakati vigae ni vya njia moja. Nikamwonyesha kwamba upana wa ile njia moja aliupanga yeye, gari lipite kwa dharura, na kwamba ukiipunguza iwatoshe watu wawili wanaopiga soga na wa tatu anayewapita, vigae vinatosha zote mbili na vinabaki.

"Na dharura itapitaje?"

"Itatembea, Mkuu."

Hakupenda, lakini habari ya vigae kubaki ilimlainisha, kwa sababu nilimwona akitafuta kwa macho mahali pa kuweka mzunguko mdogo. Kisha kidole chake kikasimama juu ya mstari unaokata kwa upana, ule wa mlango kwa mlango.

"Huu si ule usio na watu? Unapitwa na wangapi?"

"Watatu."

Alisubiri nicheke, maana mimi huwa nacheka. Alipoona sicheki akachukua kalamu, akasema kama ni watatu tu basi wote waalikwe kwenye uzinduzi, nimtajie majina. Nikamtajia la mama, nikamtajia la baba, nikataja langu.